Mkosi wa Miaka 86

Timu moja ya besiboli ya Marekani iliwaliza mashabiki wake kwa miaka 86, mpaka wenyewe wakaamini wamelaaniwa. Mwaka 2004 machozi yakakauka. Kama na wewe unaamini una mkosi wa mapenzi, stori hii ni yako.

Hebu niambie ukweli wako. Wewe unaweza kumsubiri mtu miaka mingapi? Miwili? Mitano? Wapo wanaosema hata kumi, lakini ukiwabana vizuri unagundua ni kumi ya mdomoni. Sasa kuna mji unaitwa Boston, kaskazini mashariki mwa Marekani, ambako watu walisubiri 86. Hawakuwa wanamsubiri mchumba arudi kutoka masomoni. Walikuwa wanaisubiri timu yao ya besiboli, Boston Red Sox, ichukue ubingwa.

Usigeuze ukurasa tafadhali! Najua unajiuliza besiboli imefuata nini kwenye jarida la mapenzi na maisha. Ngoja nikwambie. Katika barua tunazopokea hapa ofisini, za akina dada na siku hizi hata za akina kaka, kuna neno moja linajirudia kuliko yote: mkosi. Huyu ana mkosi wa wanaume, yule kila mchumba anayempata anamkimbia ikikaribia kutoa mahari, mwingine ameshaambiwa na shangazi yake kuwa kuna mtu kamfunga. Na mimi sijaona watu waliouamini mkosi wao kwa moyo wote kama mashabiki wa Red Sox. Ndiyo maana nataka tuangalie ule mkosi wao uliondokaje.

Kilichonivuta kwanza ni filamu. Mwaka 2005 ilitoka filamu ya mapenzi iitwayo Fever Pitch, ya Drew Barrymore na Jimmy Fallon. Dada anampata kaka mwalimu, mpole, mcheshi, anayejali. Mapenzi yananoga kipindi chote cha baridi. Ikifika Aprili, ligi inaanza, na kaka hapatikani tena! Dada zangu mlioolewa na watu wa Simba na Yanga mnanielewa. Ila nyie mna afadhali, maana Ligi Kuu yetu ina mechi 30 kwa msimu. Wenzetu wana mechi 162, karibu kila siku kuanzia mwishoni mwa Machi mpaka mwishoni mwa Septemba, na hapo bado mtoano haujaanza.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba filamu ile ilikuwa inapigwa wakati msimu wa 2004 unaendelea, na ilitegemewa Red Sox wafungwe kama kawaida yao. Walipogeuza mambo, ikabidi watengeneza filamu wabadilishe mwisho haraka haraka. Hata Hollywood ilikuwa imeshakubali kuwa Boston ni watu wa kulia.

BESIBOLI KWA DAKIKA MOJA

Kwa ambao hawajawahi kuuangalia mchezo huu, chukueni haya machache.

Kila timu inaingiza wachezaji 9. Mrushaji wa timu moja anarusha mpira, mpigaji wa timu nyingine anajaribu kuupiga kwa gongo (la mbao, si lile la kunywa!). Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji. Mpigaji akiupata mpira anakimbia kuzunguka vituo vitatu na kurudi pale alipoanzia, panaitwa nyumbani. Akifika salama, pointi moja. Akiutandika mpira ukavuka uzio, hiyo ni homurani: anazunguka taratibu kwa maringo, na wenzake waliokuwa vituoni wote wanaingia nyumbani.

Timu ikitolewa watu watatu, zamu yake imekwisha. Mechi ina zamu 9 kwa kila timu, na hakuna sare. Mkilingana mnaendelea, hata mpaka usiku wa manane.

Mawili ya mwisho, yashike maana tutayahitaji. Mrushaji akirusha ovyo mara nne, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure. Na mchezaji aliye kituoni anaruhusiwa kuiba kituo kinachofuata, yaani kuchomoka mbio wakati mrushaji anarusha, na kuomba Mungu afike kabla ya mpira.

WALIMUUZA KIPENZI CHA WATU

Red Sox hawakuzaliwa wanyonge. Kati ya 1903 na 1918 walichukua ubingwa mara tano. Walikuwa na kijana anaitwa Babe Ruth, anarusha vizuri, anapiga vizuri zaidi. Mwishoni mwa 1919 mmiliki wa timu, Harry Frazee, akamuuza kwa New York Yankees kwa dola 100,000, na mkopo juu. Yankees wakati huo walikuwa hawajawahi kuchukua ubingwa hata mmoja. Kufikia mwaka 2000 walikuwa wamechukua 26. Boston, sifuri.

Kwa hiyo mchukulie ni mtu aliyeachana na mpenzi wake, halafu mpenzi huyo akahamia nyumba ya jirani, akatajirika, na kila asubuhi anapita dirishani kwako na gari jipya. Ukitaka kujua utani wa Boston na New York, chukua Simba na Yanga uongeze miaka ya maumivu ya upande mmoja.

Na Red Sox hawakuwa timu mbovu ya kukata tamaa nayo moja kwa moja. Hilo ndilo lililouma. Walifika fainali, inayoitwa World Series, mwaka 1946, 1967, 1975 na 1986. Fainali hiyo ni ya mechi saba, anayetangulia kushinda nne ndiye bingwa. Mara zote nne Boston walipoteza kwenye mechi ya saba. Ni kama yule mwanaume anayekupeleka mpaka dukani kuchagua pete, halafu anakumbuka ameacha pochi nyumbani. Mara nne!

MAJI YA BWAWA NA KILELE CHA EVEREST

Basi watu wakaanza kusema ni laana ya Babe Ruth. Maneno hayo yalishika kasi hasa baada ya mwandishi Dan Shaughnessy kutoa kitabu chake mwaka 1990. Na sisi Waafrika ndio tunasemwa kwa kuamini ushirikina, jamani! Wapo mashabiki waliomwajiri mpiga mbizi kutafuta piano kwenye bwawa moja nje ya Boston, eti Ruth aliitumbukiza humo zamani, na wakiitoa laana itatoka nayo. Yupo aliyepanda mlima Everest mwaka 2001 na kuacha kofia ya Red Sox huko juu. Tofauti yao na anayebeba kuku mweusi usiku ni nauli tu.

Lakini mkosi una faida moja kubwa kwa mwenye nao: hauulizi maswali. Ukishasema umelogwa, huna haja ya kuangalia ulichokifanya wewe.

Na kulikuwa na la kuangalia. Aprili 1945, miaka miwili kabla hajawa mchezaji wa kwanza mweusi katika ligi kuu ya zama hizo, Jackie Robinson aliitwa kufanyiwa majaribio kwenye uwanja wa Red Sox. Hawakumchukua. Robinson akaenda zake Brooklyn Dodgers, akawa mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa karne ile. Red Sox walikuwa timu ya mwisho ya ligi kuu kumchezesha mtu mweusi, Pumpsie Green, mwaka 1959. Miaka 12 baada ya Robinson! Timu inayokataa vipaji kwa sababu ya rangi ya ngozi, halafu inashangaa mbona haishindi. Hapo kweli utamlaumu marehemu Babe Ruth?

Wakikosa marehemu wa kumlaumu, walimlaumu aliye hai. Oktoba 25, 1986 walikuwa wamebakiza kidogo sana kuchukua ubingwa dhidi ya New York Mets, mechi ya sita. Mpira laini ukamjia Bill Buckner, mtu mzima mwenye vifundo vya miguu vibovu, ukampita katikati ya miguu. Mets wakashinda 6-5, kisha wakashinda na mechi ya saba. Watu wakasahau kuwa mpira ule ulipompita Buckner, mechi ilikuwa tayari ni 5-5, tena uzembe wa kuwaruhusu Mets wasawazishe ulikuwa wa wengine. Wakasahau kuwa mechi ya saba bado ilikuwepo na waliipoteza wote kwa pamoja. Alizomewa na kutaniwa kwa miaka mingi, akahamia Idaho, mbali kabisa na Boston. Katika ndoa nyingi zilizovunjika utamkuta Buckner mmoja: mtu aliyebebeshwa kosa la mwisho ili makosa mengine tisa yasitajwe.

MANENO MACHACHE, MAAMUZI MENGI

Oktoba 2003 mambo yakafika shingoni. Red Sox wanaongoza 5-2 dhidi ya Yankees, mechi ya saba ya nusu fainali, zamu ya nane. Mrushaji wao Pedro Martinez amechoka, kila mtu anaona. Kocha Grady Little akamwacha uwanjani. Yankees wakasawazisha, na kwenye zamu ya 11 Aaron Boone akapiga homurani, 6-5. Boston ikalia tena.

Sasa hapa ndipo stori inapogeuka, na ndipo ninapotaka msomaji wangu usogeze kiti. Meneja mkuu wa timu wakati huo alikuwa kijana Theo Epstein, aliyepewa kazi mwaka 2002 akiwa na miaka 28. Ofisi yake ilikuwa imeshamwajiri mtaalamu wa takwimu, Bill James, ili wachezaji wapimwe kwa wanachofanya, siyo kwa jinsi wanavyopendwa. Kocha hakuongezewa mkataba, akaja Terry Francona. Wakamleta mrushaji hodari Curt Schilling kutoka Arizona, na Keith Foulke wa kumalizia mechi.

Si kila walichojaribu kilifanikiwa. Walimweka mchezaji wao ghali kuliko wote, Manny Ramirez, aliyekuwa na mkataba wa dola milioni 160, kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuchukuliwa bure na timu yoyote itakayoweza kumlipa. Hakuna aliyemtaka! Wakajaribu kumbadilisha na nyota Alex Rodriguez wa Texas, dili likavunjika, na Februari 2004 Rodriguez akatua kwa nani? Kwa Yankees. Unaweza kufikiria Boston ilivyonuna.

Na kati ya waliobaki kulikuwa na bonge la mtu kutoka Jamhuri ya Dominika, David Ortiz. Huyu timu ya Minnesota ilikuwa imemtosa Desemba 2002, wakaona hawamhitaji. Red Sox wakamwokota kwa mshahara wa dola milioni 1.25, pesa ya mboga kwa ligi ile. Mshike huyo bwana, tutarudi kwake.

FUNGATE YA NOMAR

Mpenzi wa Boston alikuwa Nomar Garciaparra, jezi namba 5. Watu wa Boston kwa lafudhi yao hawaitamki vizuri herufi R, kwa hiyo jina lake wanaliita kama sisi tunavyosema Noma. Na kweli alikuwa noma. Mwaka 1999 na 2000 aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga. Novemba 2003 alifunga ndoa na Mia Hamm, nyota wa soka la wanawake wa Marekani. Hebu fikiria: wako fungate, na huku nyuma magazeti yanaandika kuwa timu inapanga kumuuza ili nafasi yake achukue Rodriguez. Ukisharudi kutoka fungate ya namna hiyo, utamwangalia bosi wako kwa jicho gani?

Dili lilipovunjika, Nomar akabaki, lakini penzi lilishaingia nyufa. Akaanza msimu wa 2004 akiwa majeruhi wa kisigino, akakosa miezi miwili ya mwanzo, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwaka huo huo.

Timu ilianza kwa moto. Aprili waliwafunga Yankees mara 6 katika mechi 7. Halafu Mei, Juni, Julai, ikawa leo wanashinda, kesho wanafungwa, wenyewe wanazidi kufuga nywele na ndevu, wanacheka tu. Julai 24 walizichapa na Yankees uwanjani, ngumi za kweli, na mdakaji Jason Varitek akamsukuma Rodriguez usoni kwa glavu yake. Siku hiyo Boston walishinda 11-10 dakika za majeruhi kwa homurani ya Bill Mueller, tena dhidi ya Mariano Rivera, mmaliziaji aliyeogopwa kuliko wote.

Wiki moja baadaye, Julai 31, Epstein akafanya jambo ambalo mji mzima haukuamini. Akamuuza Nomar. Akapata Orlando Cabrera na Doug Mientkiewicz, watu wa kudaka na kulinda kuliko sifa za magazetini. Siku hiyo hiyo, bila kelele nyingi, akamchukua kutoka Los Angeles mtu mwenye mbio anaitwa Dave Roberts, wa kukaa benchi.

Watu walilia barabarani. Walikuwa na haki, maana Nomar hakuwa mtu mbaya. Ni kwamba mlichokuwa mnapeana kilikuwa kimeisha, na timu ilikuwa na tundu ambalo sura nzuri haizibi. Tangu siku hiyo Red Sox walishinda mechi 42 na kupoteza 18. Walimaliza na ushindi 98. Yule mama wa ndani ya nyumba, Mia Hamm, hakukaa kulia: Agosti hiyo hiyo alikuwa Athens akivaa medali ya dhahabu ya Olimpiki.

SIKU NNE ZA OKTOBA

Waliwatoa Anaheim Angels mechi tatu kwa bila, ya tatu ikamalizwa na homurani ya Ortiz. Kisha nusu fainali. Mpinzani? Yankees, tena.

Mechi ya kwanza, 10-7 Yankees. Ya pili, 3-1 Yankees. Ya tatu, Oktoba 16, ndani ya Boston, 19-8. Kumi na tisa! Katika historia yote ya ligi kuu ya besiboli hakuna timu iliyowahi kufungwa tatu za kwanza kwenye mfululizo wa mechi saba ikageuza matokeo. Hakuna. Watu walizima televisheni.

Kesho yake usiku, zamu ya tisa, Yankees wanaongoza 4-3 na Rivera yuko kazini. Watu watatu watolewe, msimu umekwisha. Kevin Millar akapewa kituo cha bure. Francona akamtoa, akamwingiza yule wa benchi, Dave Roberts. Uwanja mzima, Rivera, mdakaji, wauza soda, wote walijua kaingia kuiba. Rivera akatupa mpira kituoni kumzuia mara moja, mara mbili, mara tatu. Alipomgeukia mpigaji tu, Roberts akachomoka. Mpira ukaja, mkono wa Derek Jeter ukashuka, Roberts keshagusa kituo. Ni tofauti ya kufumba na kufumbua. Mueller akapiga, Roberts akakimbia mpaka nyumbani, 4-4. Zamu ya 12, ikiwa saa 7 ya usiku imepita kule Boston na huku kwetu ni Jumatatu saa 2 asubuhi watu wanafungua ofisi, Ortiz akautandika nje ya uzio. 6-4.

Jumatatu hiyo hiyo jioni wakarudi uwanjani. Saa 5 na dakika 49 za mchezo, zamu 14, na aliyemaliza ni nani? Ortiz. 5-4. Yule aliyetoswa na Minnesota akawa amezimaliza mechi mbili kwa siku moja ya kalenda. Akipiga homurani huwa ananyoosha vidole juu mbinguni kumkumbuka mama yake, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 2002.

Mechi ya sita, New York, Schilling alirusha akiwa na kifundo cha mguu kilichoshonwa na daktari wa timu ili msuli usichomoke, damu ikachuruzika mpaka kwenye soksi mbele ya kamera. 4-2. Ya saba, 10-3, Johnny Damon mwenye nywele ndefu akapiga homurani mbili. Yankees nje.

Fainali dhidi ya St. Louis Cardinals ikawa kama kumsindikiza bibi harusi: 11-9, 6-2, 4-1, na 3-0 usiku wa Oktoba 27, 2004, mwezi ukiwa umepatwa na kugeuka mwekundu angani. Mchezaji bora wa fainali? Manny Ramirez, yule aliyewekwa sokoni bure na hakuna aliyemtaka.

Na hebu yaangalie majina. Ortiz, Ramirez na Martinez, wote watoto wa Dominika. Roberts, baba yake mwanajeshi Mmarekani mweusi na mama Mjapani. Timu iliyomkataa Jackie Robinson ilivushwa na watu ambao mwaka 1945 isingewafungulia mlango.

WALIOBEBA KOFIA MAKABURINI

Asubuhi yake watu walikwenda makaburini. Walibeba kofia, bendera, kurasa za magazeti, wakaziweka juu ya makaburi ya baba zao na babu zao waliozaliwa wakasubiri wakafa. Hapa mimi huwa nanyamaza kidogo. Tunapenda kusema subira yavuta heri, na ni kweli, ila heri nyingine inafika mwenye subira keshazikwa.

Wala furaha yenyewe haikuwa bila gharama. Usiku walipowatoa Yankees, umati ulijaa nje ya uwanja wa Fenway, polisi wakafyatua risasi za pilipili za kutawanya watu, na moja ikampata mwanafunzi wa chuo wa kike mwenye miaka 21 aliyekuwa amesimama tu akiangalia. Alifariki. Kuna familia Boston ambayo mwaka 2004 haikumbuki ubingwa.

SASA TURUDI KWAKO

Najua atakuwepo wa kusema, dada, mapenzi siyo mpira. Sawa kabisa. Shabiki hana sauti. Anasubiri tu kile ambacho wenye timu wataamua. Wewe kwenye mapenzi yako siyo shabiki, wewe ni mwenye timu. Ndiyo maana inaniuma ninaposoma barua ya mtu anayekaa jukwaani kwenye maisha yake mwenyewe, akishangilia na kulia, akingoja mkosi uondoke.

Nilichokiona kwenye msimu huu ni haya:

Kwanza, uchunguze mkosi wako kabla hujaupa jina. Kama wachumba watatu wamekukimbia, kaa na ukweli: ulikuwa unawachagua kwa kigezo gani? Nani nyumbani kwenu ana sauti ya kumkataa mtu kwa sababu ya kabila, dini au mfuko wake? Huenda Jackie Robinson wako alishapita.

Pili, usimgeuze mtu mmoja kuwa Buckner. Yeye alitoka nje ya ndoa, sawa, ni kosa kubwa. Ila kama mlikuwa hamzungumzi kwa miaka mitatu kabla, nalo litajwe.

Tatu, unaweza kumpenda mtu na bado ukaachana naye kwa heshima. Nomar alirudi mwaka 2009 akiwa na timu nyingine, Boston nzima ikasimama kumpigia makofi, na Machi 2010 akasaini mkataba wa siku moja ili astaafu kama mchezaji wa Red Sox. Buckner naye aliitwa Aprili 2008 kurusha mpira wa kufungua msimu nyumbani. Watu walisimama wakashangilia muda mrefu, yeye akifuta machozi. Alifariki mwaka 2019, na nafurahi kwamba hawakungoja kusema hayo msibani.

Nne, aliyetoswa si takataka. Ortiz mwaka 2022 aliingizwa kwenye jumba la heshima la besiboli. Waliomwacha hawakuwa wajinga, hawakuwa tu na nafasi yake. Ukiachwa, lia, halafu nenda kaangalie nani ana nafasi.

Tano, maamuzi mazuri hayana dhamana. Roberts angeweza kuguswa na Jeter, na leo nisingekuwa na stori ya kukusimulia. Lakini asingechomoka, ingekuwa hakika kabisa. Yeye mwenyewe hakugusa uwanja katika fainali na msimu ulipoisha akauzwa. Baadaye amekuwa kocha wa Dodgers na kuchukua nao ubingwa.

Na la mwisho, hili silitanii. Kama unapigwa, kama unatishiwa, kama watoto wanalala na hofu, hapo hakuna mechi ya saba ya kusubiri. Ondoka ukiwa mzima, nenda kwa watu wako, nenda polisi, omba msaada. Subira ya namna hiyo sijawahi kuiona ikivuta heri.

Red Sox walichukua ubingwa tena mwaka 2007, 2013 na 2018. Epstein alihamia Chicago Cubs, timu iliyokuwa imekaa miaka 108 bila kombe, nayo ikachukua mwaka 2016. Mpaka leo ile piano haijatolewa bwawani.

Kwa hiyo, wewe uliyetuandikia kuwa una mkosi, chukua karatasi leo usiku. Upande mmoja andika yaliyokupata, upande wa pili andika maamuzi ambayo umekuwa ukiyaahirisha. Halafu tuandikie tena, ila safari hii anza na upande wa pili.